Chumvi Niliyokuficha

Mama,

Shikamoo. Nimeweka kalamu chini kidogo nikasubiri marahaba yako, kwa mazoea tu, halafu nikajicheka. Huu ni mwaka wa tatu na bado nasubiri.

Hapa Rutamba hatujambo. Mikorosho ya bondeni imebeba vizuri, ya juu imepigwa na ukungu wa ubwiriunga kama kawaida yake. Saidi ameezeka bati nyumba kubwa, na sasa mvua ikinyesha hatusikilizani, jambo ambalo kwangu ni nafuu maana kaka yangu huyo hajapunguza maneno. Kitanda chako cha kamba bado kiko barazani. Mwanzo sikumruhusu mtu akilalie. Sasa nakilalia mimi, mchana kutwa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nimepata uchovu wako, Mama.

Sisemi uchovu wa jembe. Huo ukioga na ukila unaondoka. Nasema ule wako, wa kuamka mwili unauma kana kwamba umelima ekari mbili, na hali ulilala kabla ya isha. Ule wa kufika kisimani ukaikalia ndoo kwa sababu njia ya kurudi imekuwa ndefu. Nikisimama haraka macho yanaingia giza. Nguo zimenipwaya. Halafu nikaanza kuwa mweusi, mimi uliyekuwa ukinisifu kwa rangi ya maji ya kunde. Weusi wenyewe haukuwa wa jua. Ulianzia kwenye mistari ya viganja, ukahamia kwenye fizi, na asubuhi moja nilikuwa najipaka mafuta mbele ya kioo nikaona ni wewe unayejipaka.

Mzee mmoja pale kituo cha mabasi alinisalimia kwa jina lako. "Bi Somoe, za siku nyingi." Kisha akakumbuka kwamba yeye ni miongoni mwa waliokuzika, akaondoka haraka akiacha bakora yake imeegemea ukuta. Nilitaka kumcheka nikashindwa, maana na mimi nilikuwa nimeshaitika.

Unakumbuka walivyosema juu yako. Walisema unalimishwa. Kwamba yuko mtu anayekuchukua ukiwa usingizini, anakupeleka kulima shamba lake, na kabla ya adhana ya alfajiri anakurudisha kitandani, ndiyo maana akili haijui kitu lakini mgongo unajua. Mimi mwenyewe niliamini. Kila mtu hapa ana ndugu au jirani aliyewahi kulimishwa. Hakuna aliyeona haja ya kukupima hata tone la damu, kwani swali lilibaki moja tu, shamba ni la nani.

Wakamtazama mama mdogo Asha, ndugu yako wa tumbo moja. Mjane, anaishi peke yake, na muhogo wake unakubali hata mwaka wa ukame. Tena kulikuwa na lile jambo la ziara zake. Kila alipokuja mkajifungia chumbani, jioni yake ulikuwa unainuka, unadai ugali, unamtania Saidi kwamba ndevu zake zimeota upande mmoja. Akipitisha siku nne bila kuja, unaanguka. Saidi akasema aliyekufunga ndiye anayejua kukufungua, basi tunataka ushahidi gani tena. Majirani wakasema kikulacho ki nguoni mwako.

Mganga alipoletwa alikuchanja chale mikononi, akaweka miiko miwili. Asha asikanyage hapa, na wewe usionje chumvi siku ishirini na moja, kwa sababu chumvi inavunja dawa. Mpishi nilikuwa mimi. Kopo la chumvi nikalipandisha darini jikoni, mahali ambapo usingeweza kufika.

Uliniomba. "Hadija mwanangu, chembe moja tu, niiweke chini ya ulimi." Nikakujibu kwa ukali, kama mzazi. Siku ya saba nilikukuta unaramba jasho la mkono wako mwenyewe, nikautoa mkono mdomoni na kuufunika kwa kanga. Nilidhani nakulinda. Nilikuwa nakupenda, Mama, na bado nilifanya hivyo.

Siku hizohizo mama mdogo akaanza kuonekana kwenye mkorosho wa mwisho wa shamba letu, saa sita za mchana, jua liko utosini. Anasimama tu. Hasogei, haiti mtu, haombi maji. Waliomwona walirudi mbio wakasema si yeye, ni kivuli chake. Na mimi nilimwona mara moja. Hapakuwa na upepo, majani yote yametulia, naye amekazia macho dirisha lako, mikono ameikunja ndani ya kanga. Nilisoma Ayatul Kursiy nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Siku ya kumi na moja ulikufa, saa nne ya asubuhi, bila homa, miguu imekuwa baridi tangu jana yake. Mama mdogo alifukuzwa matangani mbele ya watu wote, na mwezi huohuo akahamia Kilangala.

Basi uchovu uliponianza mimi, watu walikuwa na jibu tayari. Walichobishana ni anafikaje kutoka Kilangala. Saidi akanipeleka kwa mganga yuleyule. Nikachanjwa palepale ulipochanjwa wewe, nikapewa mwiko uleule wa chumvi, na kopo likarudi darini. Akaongeza na kipimo: ninyunyize majivu sakafuni kuzunguka kitanda hadi mlangoni, asubuhi nitazame nyayo zimeelekea wapi. Zikitoka nje, nimelimishwa.

Asubuhi nyayo zilikuwepo. Zangu mwenyewe, na kile kidole changu kidogo kilichopinda. Nilizifuata polepole huku nikishika ukuta. Hazikutoka nje, Mama. Zilipita ukumbini, zikaingia jikoni, zikaishia chini ya dari, na kopo la chumvi lilikuwa sakafuni limefunuliwa. Chini ya kucha zangu palikuwa na chembe nyeupe. Midomo ilikuwa inaniwasha. Sikukumbuka kitu chochote, wala kupanda, wala kushuka, wala kula.

Niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa kama zingetoka nje. Mchawi unaweza kumhama, lakini ningehama vipi kutoka kwa huyu aliyeamka na miguu yangu? Nikajiuliza na hili pia: kama kweli kuna shamba ninalolimishwa, mbona limekuwa kopo la chumvi? Nilifagia majivu, nikavaa baibui, nikapanda basi la Lindi bila kumuaga Saidi.

Hospitali walianza na ya kila siku. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Damu inatosha. Wakapima homoni za tezi ya shingoni, ileile ambayo ikivimba tunasema mtu ana rovu, wakakuta yangu ni mvivu. Nikafurahi kuwa kuna kitu mwilini mwangu kivivu kuliko mimi. Nikapewa vidonge nikarudi nyumbani, na kwa wiki mbili nikazidi kufa. Natapika, nikikaa naanguka. Saidi akasema umeona, ugonjwa huu hospitali hawauwezi. Alinirudisha Lindi kwa aibu tu, nimelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, na njia nzima alikuwa akisoma dua za mtu anayekata roho.

Safari hii nilipokewa na daktari msichana, mdogo kwangu. Aliniambia nifungue mdomo, akatazama fizi. Akafungua viganja. Halafu akashika mkono wangu akazitazama zile chale, zilizokuwa zimekolea zikawa nyeusi tititi. Akauliza kama zilikuwa hivyo tangu nilipochanjwa. Nikamwambia hapana, zimekolea zenyewe, na mganga alisema weusi ule ni dawa inakamata. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Dada, unatamani chumvi?"

Mama, nywele zilinisimama. Nilihisi kuna mtu amekaa nyuma yangu kitandani, na harufu ya mafuta yako ya nazi ikanijia puani. Sikugeuka.

Kesho yake saa mbili asubuhi walinitoa damu, wakanichoma sindano, wakatoa damu tena baada ya nusu saa, ikapelekwa Dar es Salaam ndani ya barafu. Wakati wananifunga mpira mkononi nilitazama mshipa, nikatazama ngozi, na ule haukuwa mkono wangu. Ulikuwa wako wa siku za mwisho, na vifundo vyake vyeusi. Muuguzi akaniambia nikunje ngumi. Nilichelewa kidogo, kwa sababu sikuwa na hakika utanitii.

Majibu yalipokuja daktari alinieleza taratibu. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Zinatoa homoni inayomwezesha mtu kuamka, kusimama, kuhimili homa, na nyingine inayoushika mwili usimwage chumvi yake. Zangu zote mbili zimekaribia kufa kabisa. Mwili wenyewe umezigeuka ukazila. Ndiyo maana ngozi inakuwa nyeusi, na makovu mapya ndiyo yanayokolea zaidi. Vile vidonge vya tezi ya shingoni vilikuwa vimechochea moto chini ya chungu kisicho na maji, ndiyo maana nusura niondoke. Akanianzishia dawa nyingine kwanza, ambayo nitaimeza maisha yangu yote. Siku ya tatu niliinuka nikaenda kuoga peke yangu. Saidi alikuwa mlangoni, akakaa chini akalia mbele za watu.

Ndipo nikamsimulia daktari habari zako zote, mpaka kopo la darini. Aliacha kuandika.

"Siwezi kumpima aliyezikwa," akasema. "Lakini hayo uliyonieleza ni ugonjwa huuhuu. Wakati mwingine unakwenda kwa damu."

Nikamuuliza kuhusu chumvi. Akasema chumvi peke yake isingekuponya, bila dawa ungeondoka tu siku moja. Lakini ndiyo iliyokuwa ikikushika. Amenieleza hivyo kwa upole, na mimi upole huo sijui niuweke wapi.

Juzi nilikwenda Kilangala. Mama mdogo alikuwa anamenya muhogo uani, amezeeka. Aliponiona kisu kilimtoka mkononi, kwa sababu na yeye alidhani ni wewe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku ananipapasa mkono kuhakikisha una joto. Nilimweleza yote bila kujificha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada alikuwa akiniomba chumvi, maana aliona aibu mumwone akiilamba kavu," akasema. "Nilikuwa namletea, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Tukifunga mlango anailamba yote, halafu anacheka. Mlipomfungia nikawa nasimama pale mkoroshoni, nasubiri wewe uende kisimani. Hukwenda hata siku moja."

Ni kweli, sikwenda. Nilimtuma mtu, ili nisikuache peke yako.

Nilimwangukia miguuni nikamwomba radhi. Aliniinua, akanipa chai, akaniuliza dawa zangu nameza saa ngapi. Lakini nilipomwambia arudi Rutamba kwenye nyumba yake, alikataa. Alisema, "Mlinitaja mbele za watu, nisafisheni mbele za watu." Hakusema kwa hasira. Kisha akarudi kumenya muhogo.

Ijumaa ijayo ni hitima yako. Nimemwomba shehe ruhusa ya kuzungumza kabla ya dua, naye amekubali nisimame mlangoni, wanawake ndani na wanaume barazani, wote wanisikie. Saidi ananisihi niache. Anasema nikimsafisha Asha nitakuwa nimejichafua mwenyewe, kwamba kuanzia siku hiyo Rutamba nzima itasema Hadija alimuua mama yake kwa kumnyima chumvi, na katika kusema hivyo hawatakuwa wamesema uongo mkubwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yetu tuliyaficha kwa mtu mwingine, na aliyeumbuka ni yeye.

Kwaheri, Mama. Kitanda chako nitakiondoa barazani, nimekilalia vya kutosha, na naomba na wewe unitoke mwilini, ukapumzike. Naogopa Ijumaa kuliko nilivyoogopa sindano. Nakuahidi nitasimama mlangoni na kumtaja mama mdogo kwa jina lake kamili, niseme hakukulimisha, alikuwa anakulisha. Halafu nitawaambia mpishi alikuwa nani.

Mwanao,
Hadija