Matone Mekundu kwenye Theluji

Jumapili, 3 Machi 2019

Doa jekundu chini ya gari! Kubwa kama sahani. Theluji imelinywa, pembeni limekuwa waridi. Baba alichovya kidole, akanusa. Mafuta ya giaboksi, akasema, kama anayetaja jina la mtu asiyempenda. Mama alikuwa dirishani, akaona yote. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima afike hospitali ya Marquette kusafishwa damu, maana figo zake zimekataa kazi. Maili sitini kwenda tu. Gari ni hili moja, na bila mafuta hayo halitembei.

Bi Ostrander wa sayansi hutuambia tuandike tulichokiona, si tunachokitamani. Basi: nimeona doa moja.

Jumatatu, 4 Machi

Walikwenda, wakarudi. Baba alisimama njiani mara mbili kuongeza mafuta. Jioni akaja jirani yetu, Mzee Arvo, hata buti hakuvua.

"Reino! Nimefuata damu tangu posta mpaka mlangoni kwako. Nikadhani umegonga paa wa msituni, nikaja na kisu!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

Nimelala kwenye kartoni chini ya gari, nikimshikia Baba tochi. Shida ni kwamba kila kitu huku chini kimelowa. Kila vuli, kabla barabara hazijamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, Baba hupulizia oili chafu chini ya gari ili lisiliwe na kutu. Hapa kwetu kila mtu hufanya hivyo. Sasa oili ya vuli imepaka kila kona, na panapovuja pamejificha humo humo. Utajuaje tone limetoka wapi?

Baba akasema ni gasketi ya sampu, lile karai la mafuta chini ya giaboksi. Akaibadilisha. Saa tatu nzima, vidole vimekufa ganzi. Tukajaza mafuta, tukawasha injini — tone. Lile lile. Baba alibaki amelala chali, anatazama juu. Nikazima tochi, betri isiishe.

Jumatano, 6 Machi

Wamekwenda tena na kurudi. Chupa tatu za mafuta. Mama amechoka, amelala na koti lake.

Nilipata wazo! Tulichemsha maji kwenye jiko la sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, tukayabeba kwa ndoo, tukaosha chini ya gari kwa sabuni ya vyombo mpaka vyuma vikaonekana. Tukakausha. Kisha nikapulizia poda ya miguu ya Baba kila mahali, pakawa peupe. "Gari limevaa soksi," Baba akasema. Mzaha wake wa kwanza wiki hii! Tukaliacha liungurume lipate moto.

Nikaona mimi kwanza. Mchirizi mwekundu juu ya poda. Ni bomba jembamba la chuma linalopeleka mafuta kwenye rejeta yakapoe. Limeoza pale linaposhikwa na kibanio, oili ya vuli haikupenya hapo. Baba aligusa, kutu ikabaki kidoleni kama majani ya chai.

Alhamisi, 7 Machi

Baba amekata kipande kilichooza, akaunganisha kwa kipande cha bomba la mpira na vibanio viwili. Mpira aliutoa kwenye kopo lake la vikorokoro. Una maandishi. Niliyasoma kwa tochi: wa maji ya hita.

"Baba, huu ni wa maji."

"Mpira ni mpira, mwanangu."

"Kitabu cha maktaba kinasema mafuta ya moto huulainisha. Mpira wa mafuta ni wa aina nyingine."

"Na hiyo aina nyingine iko wapi? Iko Marquette. Sasa niambie, tutaifuataje?"

Baadaye Mzee Arvo akasema kesho atampeleka Mama kwa pikapu yake, hana kazi yoyote. Baba akafuta mikono taratibu. "Asante, mzee. Mke wangu nitampeleka mwenyewe." Mama akanitazama, kama aliyejua nina neno. Sikulisema. Baba alikuwa amesimama wima kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Tumewasha injini dakika kumi. Kartoni kavu! Kavu kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Shule imefungwa, theluji imeanguka usiku kucha. Waliondoka saa mbili. Mama alinipungia mkono, glavu yake nyekundu. Nikaenda kuokota kartoni: kavu. Nikafurahi. Nikafika langoni — tone. Hatua ishirini, tone jingine.

Nimepiga simu mara sita. Njia ya Marquette, ukishapita ziwa, haina mtandao. Nikakimbia kwa Mzee Arvo bila kofia, nikamwambia yote, na mpira na maandishi. Hakunigombeza. "Panda, binti."

Naandika ndani ya pikapu, ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Saa nne kasorobo. Mama anatakiwa kitandani hospitalini saa tano. Nje ni baridi ya kuua, na gari likizima hita nayo inazima. Greda la theluji halijapita barabarani, kuna alama za magurudumu yao tu, na katikati matone. Mwanzo nilikuwa nayahesabu. Baada ya daraja yamekaribiana, siwezi tena.

Mzee Arvo alikuwa akinitania, eti Baba anatuachia alama tusipotee. Sasa ameacha.

Si matone tena, ni mstari. Mwembamba, mwekundu, umenyooka kama wa rula. Umepanda kilima chote mbele yetu.

Tumefika juu. Mstari umekatika! Theluji nyeupe, hakuna kitu. Nimemwambia, Mzee, tazama, pamekauka, mpira umeshika!

“Mafuta yamekwisha, binti,” amesema. Ameongeza mwendo.