Mgeni Aliyegeuziwa Namba Mara Mbili

Shangazi mpendwa, shikamoo. Ninusuru kabla ya Ijumaa, maana siku hizi natembea mchana kama mtu aliyeamshwa nusu.

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa visivyokuwepo, yaani ndani ya kompyuta mpya tunaigiza kompyuta ya zamani, na mfumo wa zamani wa hospitali unaishi humo kama mgeni, unaamini kabisa kwamba diski tuliyoiigiza ni diski ya kweli, na mimi naupenda ujinga wake huo, mchana mvua ikiteleza dirishani nauangalia ukiwaka polepole hadi nasahau chai. Shida ni kwamba mgeni huyu huandika namba akianza na baiti kubwa, yaani kipande kizito cha namba, mwenyeji wake, ile kompyuta mpya, huanza na ndogo, kwa hiyo mgeni akiomba fungu la 1 la diski mwenyeji anasoma 16,777,216, kazi inakwama. Mwenzangu tunayemwita Taratibu, kwa kuwa anachapa kwa vidole viwili, na ndiye aliyenifundisha kazi hii, alipewa kurekebisha, akaweka ugeuzaji wa mpangilio huo kwenye njia inayopitisha namba zote, na siku hiyohiyo mimi kwa kiherehere changu nikaweka wangu ndani ya diski, bila kumwambia, nikitaka kumwonyesha kesho yake kama zawadi, kila mmoja akajaribu kwake ikakubali, tulipounganisha ikarudi 16,777,216 ileile, nami nikaelewa palepale kwamba tumeigeuza mara mbili. Mkuu wetu akamfokea Taratibu, "Wiki tatu hujafanya kitu? Ijumaa unakabidhi kazi!" Taratibu akanigeukia, "Dada, hujagusa diski wewe?" Nikajibu, "Hapana, kaka." Shangazi, ulimi uliteleza, na sasa nikifumba macho naona namba zinapita koridoni kinyumenyume, nikifumbua namwona yeye, anasoma upya mistari yake iliyo sahihi, anatafuta kosa lisilo lake. Nikisema nitaitwa mwongo. Nifanyeje?

Kiherehere, chumba cha nyuma

*

Marahaba, Kiherehere. Jina umejipa mwenyewe, mimi simo.

Kompyuta mimi naijua kwa kuifuta vumbi, ila shati nalijua. Limefuliwa, mmoja kaligeuza vizuri, mwingine hakuuliza, kaligeuza tena, mwenye shati katoka na mishono nje. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Pole kwa ndoto hizo, zinaumiza. Na nia ya zawadi naikubali. Lakini umeulizwa usoni na mtu aliyekufundisha, ukakana. Huo ulimi haukuteleza, mwanangu, uliusukuma.

Usiingoje Ijumaa. Kesho asubuhi, hata mkoba hujautua, mwambie yeye kwanza, kisha mwende kwa mkuu, yeye akiwepo asikie anavyosafishwa. Utaitwa mwongo siku mbili tatu. Vumilia, si ulidanganya? Halafu ondoa ugeuzaji wako, si wake. Wake uko kwenye njia ya namba zote, utafaa kila kifaa mtakachoigiza. Wako unafaa diski moja. Juu ya faili andikeni waziwazi: kila kifaa kitaje mpangilio wake wa baiti, na namba zigeuzwe hapa, mara moja, si kwingine. Mkimaliza kaeni wawili muwashe, mumtazame mgeni wenu akiomba fungu la kwanza na kupewa la kwanza. Hapo unaweza kuota upendavyo.

Ila swali la Taratibu bado liko hewani, na jibu lake ni neno moja tu, fupi hata kwa vidole viwili: nimegusa.