Matusi ya Kumlisha Menza

Jumanne, 29 Julai
Nimechaguliwa! Kwaya ya shule inakwenda Nyeri, mashindano ya taifa, siku tano. Mwalimu Nekesa asema kwaya bila Dama ni mbaazi bila nazi.

Mama alifurahi. Dakika mbili nzima. Kisha akauliza, "Na Menza atalishwa na nani?"

Naam, Menza. Ndugu yangu, miaka kumi na mitatu. Hatembei, hasemi, shingo haimtii. Na hali chakula ila mkononi mwangu. Mama akileta kijiko, meno yanafungwa kama maduka ya Mji wa Kale Ijumaa saa saba. Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba wetu, asema mtoto huyu ni malaika, na malaika humchagua mwenye moyo safi.

Moyo safi! Mimi!

Jumatano, 30 Julai
Nina hasira. Matembezi ya ufukweni Mama Ngina na wenzangu — sikwenda. Harusi ya jirani yetu Beryl — sikwenda. Kambi ya vijana — sikwenda. Eti nampenda ndugu yangu? Watu hawaniulizi. Hunijibia.

Ijumaa, 1 Agosti
Mama amejaribu siku tatu. Tenzi, maombi, asali kwenye uji. Baba akatoka kazini bandarini Kilindini mapema, naye akajaribu. Uji wote kwenye shati lake.

Mama aliniuliza nina siri gani. Nikasema mazoea tu. Uongo.

Siri ni matusi. Mwaka juzi nilikosa safari ya shule kwa ajili yake. Nikamwinamia sikioni na kijiko mkononi, polepole, Mama asisikie: "Fumbua mdomo, gogo wewe. Umenila mimi, sasa kula uji." Akacheka! Mdomo wazi. Nikatia kijiko. Toka siku hiyo, kila mlo ni matusi.

Taabu ni kwamba sikuwa natania. Nilikusudia kila neno. Siku nyingine bado nakusudia. Nikimfundisha Mama, itabidi ajue.

Jumapili, 3 Agosti
Kanisani mchungaji kanisimamisha, mfano wa upendo kwa vijana. Makofi! Nikatazama viatu vyangu.

Nilipofika nyumbani nikashindwa kuvumilia. Mama alikuwa kwenye mbuzi, akikuna nazi. Nikamwambia yote.

Mkono ukasimama. Akauliza, gogo? Gogo, nikasema. Na nini tena? Mzigo wa bure. Sultani wa mate.

"Na ulikusudia?"

"Ndiyo, Mama."

Akarudi kukuna. Nyama ya nazi iliisha, yeye bado anakuna. Mchuzi ulikuwa na vumbi la kifuu. Tumekula hivyo hivyo.

Jumatatu, 4 Agosti
Somo la kwanza. Mama, mwenyekiti wa akina mama kanisani, kijiko mkononi: "Fumbua mdomo, gogo… mpenzi wangu."

Menza kamtazama kwa huruma. Mdomo kaufunga ndi!

Mama, nikamwambia, toa mpenzi. Akasema hawezi, ulimi unakataa. Na basi la Nyeri ni kesho.

Jumanne, 5 Agosti
Naandika nikiwa ngazini, begi magotini. Tuktuk inangoja mdomoni mwa kichochoro. Mama yuko ndani na bakuli, kanifukuza nitoke nje.

Kwanza nikasikia kiti kikivutwa. Kisha sauti yake, ndogo, sijapata kuisikia:

"Fumbua mdomo, gogo wewe. Miaka kumi na mitatu sijalala. Umenila mimi, ukamla na dada yako. Haya, kula."

Hayo sikumfundisha.

Menza akacheka. Kicheko kilekile! Nilidhani ni changu peke yangu. Kijiko kinagonga bakuli, kinarudi, kinagonga tena. Anakula. Mama naye anacheka, au analia, toka hapa siwezi kujua.

Dereva anapiga honi. Nilitaka hivi hasa, siyo? Basi mbona nina wivu, mjinga mimi!

Nimesimama. Nimekaa tena. Honi ya pili.