Ngoma za Jumamosi: Kwa Baba Yetu Simeon Macharia, Fundi wa Thika

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Novemba ile ya 1955 tulipokuzika Murera kwa haraka, mvua ikinyesha, ili watu wawahi kurudi kabla ya kafyu. Hata mazishi yako hayakupewa nafasi ya kutosha.

Ulikuwa fundi cherehani barazani pa duka la Bwana Chunilal, Thika, na suruali uliyoshona wewe haikupelekwa kwa fundi mwingine kurekebishwa. Ulishikilia pini mdomoni, na hukumjibu mtu mpaka uziteme mkononi kwanza. Sisi watoto tuliomba ruhusa zetu kisha tukasubiri pini zitoke.

Dansi ya tango uliianza uzeeni, ukiwa na miaka hamsini na tisa. Jumamosi mchana, baada ya kazi, wazee wenzako na wajane wachache mlikutana ukumbini na gramafoni ya Bwana Chunilal. Majirani walipokusikia ukitaja tango walidhani umeanza kulima mboga. Nasi tulikucheka kwa magoti yako. Ukatuambia, "Nyinyi mnaruka tu. Hii inataka mtu anayejua kungoja." Jioni ulirudi nyumbani Ruiru mgongo umenyooka, ukamsalimu kila mtu njiani.

Mama peke yake hakucheka. Kila Jumamosi ulimwambia, "Twende," na kila Jumamosi alikataa, kwa kuwa ni mtu wa kanisa na wewe ulikuwa ukisema kwa Kiswahili cha dukani, "Naenda ngoma." Kwa Kiswahili hiyo ni dansi tu. Kwa Kikuyu, ngoma ni pepo wa wafu. Mama alijua vizuri ulichomaanisha, ila alilishika neno hilo akawa anakuchokoza nalo.

Ndipo homgadi, wale walinzi wa serikali vijijini, wakaja nyumbani kuuliza mzee huenda wapi kila Jumamosi. Siku hiyo wewe na Mama mlikuwa mmegombana. Akawajibu kwa Kikuyu, "Si mumuulize mwenyewe. Huenda kwa ngoma zake." Wakasikia pepo, wakasikia kiapo cha waasi wa msituni. Mama aliwafuata hadi barabarani akieleza habari za gramafoni, wasimsikilize. Walikukuta dukani, wakakuchukua pini zikiwa bado mdomoni.

Ulirudi kutoka kizuizini baada ya miezi tisa, kifua kimeharibika. Hukumuuliza Mama lolote. Jumamosi moja mchana uliinuka kitandani, ukashika ukingo wa meza, ukamnyooshea mkono. "Twende," ukasema.

"Ngoja upone kwanza, Baba Nyawira," akakujibu.

Ukaketi. Jumanne ukafariki.

Mama hajajisamehe, Baba.

Unakumbukwa na mkeo Waithira. Wanao Nyawira, Mburu na Wamboi. Na Bwana Chunilal, ambaye hajamruhusu mtu mwingine kuketi kwenye cherehani yako.

Daima tutakukumbuka. Mama ametuomba tuandike hapa jibu lake: twende, Baba Nyawira.