Amina ya Diwani

Ndanu, uko? Nimefanya kitu na sijui kama nicheke ama nitubu.

Nimetoka sasa hivi kwa mkutano wa bustani ya mji. Nilienda na Ndila, yule tunasoma naye jioni. Alitaka kumwambia diwani kwamba kiti chake cha magurudumu hakipandi zile ngazi za langoni. Watoto wake wakicheza ndani, yeye hubaki barabarani akiwachungulia kupitia uzio.

Diwani aliongea mpaka tukachoka. Maua, taa, viti vipya! Ndila akainua mkono. Diwani akamkata: "Muda umeisha, mama. Maswali siku nyingine." Halafu akanigeukia mimi! "Dada, tufungie na maombi."

Nilianza vizuri, Ndanu. Nikashukuru kwa maua. Nikashukuru kwa taa. Kisha mdomo ukaenda wenyewe: "Baba, unamwona Ndila akibaki nje ya bustani. Mguse diwani wetu aondoe zile ngazi kabla ya Krismasi."

Kabla ya Krismasi! Mimi, kumpangia Mungu tarehe!

Na nani angenikatiza kwenye maombi? Ukumbi mzima ukaitikia amina. Diwani, kwa mazoea, akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nikafungua macho. Ndila akasema polepole, "Mheshimiwa, nimekusikia ukiitikia."

Aiii, watu walicheka! Diwani akajipangusa uso, akamwita fundi wake. "Kesho asubuhi upime hilo lango, tuweke mteremko wa simiti."

Ndila alilia njia yote tukirudi.

Nitatubu, Ndanu. Wacha simiti ikauke kwanza.