Tarehe za Marehemu Wetu

Justina, nimetoka darasani sasa hivi.

Unajua mama Milembe wa jumuiya yetu huandika kwenye kalenda ya simu yake tarehe za marehemu wetu wote, ili kila mwaka aende kusali na wafiwa. Jioni hii mwalimu Ngassa ametufundisha kuunganisha kalenda ya simu na ya kompyuta.

Mama alipounganisha zake hazikupatana, maana mifumo ni tofauti. Kompyuta ikauliza ifuatwe kalenda ipi. Mama akanigeukia: "Dada, nichague ipi?"

Nikamjibu, mimi huyu: "Chagua kompyuta, ndiyo kubwa."

Ndiyo kubwa!

Kalenda ya kompyuta ilikuwa tupu. Simu ikatii, ikawa tupu vilevile. Mwalimu akahangaika weee, mwisho akamwambia mama, "Tarehe zimekwenda, mayu. Hakuna nakala."

Mama hakunilaumu, Justina. Alisema atapita nyumba kwa nyumba kuuliza upya.

Kisha akaniuliza, "Lakini kwa Kabula naanzaje? Tarehe ya mtoto wake alinitajia mara moja tu, akaniomba nisimuulize tena."

Nimemwambia kwa Kabula nitakwenda mimi. Niombee.