Habari za Pamba, Panya wa Marehemu Baba Yako

Kijiji cha Mbuba,
Ngara.
14 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Aline,

Shikamoo yako naijibu kabla haijafika: marahaba. Hujambo huko Mwanza? Masomo ya uuguzi yanakwendaje, na kile kifua kimepona? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, nalo nimeshalizoea. Maharage tumevuna, si haba.

Sasa nisikuzungushe. Pamba amekufa. Kati ya wale panya wawili weupe ulioachiwa na marehemu baba yako, ukanikabidhi niwatunze, amebaki Malaika peke yake.

Ni mimi niliyemuua, ingawa sikukusudia. Alikuwa anajikuna mpaka manyoya yanatoka. Nikaona ni utitiri, nikaenda kwa jirani yetu Shibuda, akanipa dawa kidogo ya kuogeshea mbuzi. Hapa kwetu mbuzi huogeshwa nayo, na mbwa pia. Nikasema panya ana nini cha ziada? Nilimwogesha asubuhi, nikamwanika juani kwenye ungo. Akaanza kujilamba, kama kawaida yao. Jioni alikuwa anatetemeka, na kabla hatujala akakata roho mikononi mwangu. Nililia, Aline.

Bwana mifugo alinigombeza kama mtoto. Kumbe panya hujisafisha mwenyewe, na chochote unachompaka huishia tumboni mwake. Akichafuka, hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha hukaushwa vizuri asipigwe na baridi. Kucha hukatwa ncha tu. Utitiri una dawa yake, na wa kuipima ni yeye, si Shibuda. Malaika namfanyia hivyo sasa. Majirani wanacheka kwamba wenzangu wanatega panya, mimi nawapangusa mikia. Wacheke.

Ulipopiga simu Pasaka ukawaulizia, nilisema wote wazima. Pamba alikuwa na wiki mbili kaburini, nyuma ya jiko.

Baba yako alipofariki tulikuambia anaumwa tu, uje. Ndivyo tunavyomfanyia aliye mbali. Ukashuka kwenye basi, ukakuta turubai uani na watu wamekaa. Ulinishika mkono ukasema, "Shangazi, msinifiche tena." Nami nimekuficha tena. Nisamehe, mwanangu.

Mama yako Dafroza na baba mdogo Frednand wanakusalimu sana. Mungu akutangulie katika kila mtihani.

Ukitaka kukasirika, kasirika. Ila piga simu, na utakachouliza nitakujibu kweli.

Shangazi yako, akupendaye hata akikosea,
Ernesta